Mwepu Ilunga, beki mwenye dunia ilimucheka bila kumuuliza kwanza

Video ile haifikishi hata sekunde makumi tatu. Kila mara Léopards wanapokaribia Kombe la Dunia, na kila mara wanapolikosa, inarudi mu simu za watu wa Butembo na Beni. Mutu anaitumia mwenzake mu WhatsApp, na chini yake anatia zile sura za kucheka mpaka machozi. Wachezaji wa Brazil wamesimama karibu na mupira wa azabu. Wachezaji wa Zaire wamejipanga ukuta, kila mumoja na kichwa cha chui ku kifua. Mwamuzi anapiga firimbi. Hapo beki mwenye namba 2 anachomoka mu ukuta mbio, anafika ku mupira wenye haukuwa wake, anaupiga kwa nguvu zote, unaruka mbali upande wa pili wa kiwanja. Wabrazil wanashangaa. Mwamuzi anatoa kadi ya manjano.

Beki yule ni Mwepu Ilunga. Siku ile ilikuwa tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 1974, mu muji wa Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Mutangazaji wa televisheni ya Uingereza alieleza kitendo kile hapohapo kama ujinga wa Kiafrika, na maelezo yake yakasafiri mbali kuliko mupira wenyewe. Tangu siku ile, kila mara watu wanapopanga orodha ya vituko vya Kombe la Dunia, Mwepu yuko mule, mara nyingi ku nafasi ya kwanza.

Lakini wengi wenye kucheka hawajui kama mutu huyu, miezi mitatu tu mbele ya siku ile, alikuwa bingwa wa Afrika. Mutu hawezi kufika pale bila kujua mupira wa azabu ni wa nani.

Joseph Mwepu Ilunga alizaliwa tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka 1949, wakati Kongo ingali mikononi mwa Wabelgiji. Jina lake alilijengea Lubumbashi, muji wa shaba, muji wenye kuongea Kiswahili, wenye zamani waliuita Élisabethville. Uhuru ulipofika mwaka 1960, hakuwa ametimiza miaka 11. Siku chache tu nyuma ya uhuru, Katanga ikajitenga, na vita ya kujitenga ile haikuisha mpaka mwanzo wa 1963. Watoto wa Beni wenye kucheza mupira kati ya fujo moja na ingine hawahitaji kuelezewa utoto wa namna ile. Mupira unaendelea tu. Vita ikitulia asubuhi, muchana watoto wako kwenye uwanja.

Mu Lubumbashi ya miaka ile, kijana mwenye muguu muzuri aliota ekipe moja mbele ya zote: ile yenye wamisionari Wabenedikto walianzisha mwaka 1939, yenye kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari. Leo inaitwa Tout Puissant Mazembe. Watu wenye kufikiri Mazembe ilianza kuwa kubwa na Moïse Katumbi wanasahau historia. Kuanzia 1967 mpaka 1970, Englebert ilifika ku fainali ya kombe la mabingwa wa Afrika mara ine zenye kufuatana. Ya 1967 ilikuwa na kituko chake: ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, wakapanga mechi ya tatu, Kotoko haikutokea, na kombe likaenda Lubumbashi. Mwaka 1968 ikalichukua tena, safari hii mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Fainali mbili zenye kufuata ikazipoteza, moja kwa Ismaily ya Misri na ingine kwa Kotoko wale wale.

Mwepu alikuwa mutu wa klabu hii. Pale alikuwa na Kazadi Mwamba ku goli, na Bwanga Tshimen katikati ya walinzi, mwenye mwaka 1973 alichaguliwa muchezaji bora wa Afrika, kitu chenye mabeki hawapewi kila siku. Mwepu hakuchaguliwa kitu cha namna ile. Yeye alikuwa beki wa kando, wa kukimbia, wa kukaba, wa kutia muguu pale wengine wanaogopa kutia. Ni kazi isiyo na picha. Mushambuliaji akikosa goli kumi na akatia moja, wanamubeba mabegani. Beki akifanya kazi yake vizuri dakika 90, hakuna kitu kinatokea, na hakuna mutu anakumbuka kitu chenye hakikutokea.

Mwaka 1971 Raisi Mobutu akabadilisha jina la inchi, Kongo ikawa Zaire. Nyuma yake akakataza majina ya Kizungu ya ubatizo, na Joseph akabakia Mwepu Ilunga tu. Mupira pia ulikuwa mu mupango ule. Tangu miaka ya 1960 Mobutu alikuwa ameona kama ekipe yenye kushinda inafanya kazi yenye hotuba mia haziwezi kufanya. Aliwarudisha wachezaji Wakongomani wenye walikuwa wanacheza Ubelgiji, ekipe ya taifa ikapewa jina Léopards, chui, munyama wake mwenyewe, na mwaka 1968 chui hao wakashinda Kombe la Afrika mu Addis Ababa, goli moja kwa sifuri mbele ya Ghana. Lakini ile njia ya Ubelgiji ikafungwa kwa upande wa pili: wachezaji wa Zaire hawakuachiliwa kwenda kuuza kipawa chao inje. Mwepu na wenzake walifikia umri wao muzuri kabisa wa mupira bila klabu ya Ulaya kuweza kuwagusa. Raisi alikuwa anawapa vitu, na kama Raisi hakutoa, hakukuwa mulango mwingine wa kubisha. Hili jambo ndilo lilizaa yote yenye yalifuata.

Kwa kwenda Ujerumani 1974, bara zima la Afrika lilipewa nafasi moja tu. Mbele yake ni ekipe mbili tu za Afrika zilikuwa zimekwisha kucheza Kombe la Dunia, Misri 1934 na Maroko 1970, zote za kule kaskazini. Mwishoni mwa 1973 zilibakia ekipe tatu: Zaire, Zambia na Maroko. Zaire ikapiga Zambia Lusaka, ikaipiga tena Kinshasa, kisha mu mwezi wa 12 ikaipiga Maroko 3 kwa 0. Wamaroko walikasirika sana juu ya mwamuzi, wakakataa kucheza mechi ya kurudiana. Zaire ikawa inchi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika Kombe la Dunia.

Wachezaji wenyewe walisimulia miaka mingi namna Mobutu aliwapokea: gari kwa kila mumoja, nyumba kwa kila mumoja. Vijana wenye walikulia mu makambi ya wafanyakazi walijikuta na funguo za nyumba mukononi. Mutu asicheke furaha yao. Mu inchi yenye mushahara unaweza kukawia miezi, gari mbele ya mulango ni kitu chenye kuonekana, na mutu anaamini kitu chenye anaona.

Mwezi wa 3 mwaka 1974 wakaenda Misri kwa Kombe la Afrika. Mu nusu fainali walikutana na Misri wenyewe, mbele ya watu wao. Misri ikatia mbili. Ekipe nyingi zingeanza kufikiri safari ya kurudi. Zaire ikarudisha mbili, ikaongeza ya tatu. Fainali ilikuwa na Zambia, tarehe 12, Cairo. Ilipokaribia kuisha, Zaire ilikuwa mbele 2 kwa 1, na Zambia ikasawazisha mu dakika za mwisho kabisa za nyongeza. Wakati ule hawakupiga penalti, walirudia mechi. Tarehe 14 wakarudi ku kiwanja, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Magoli yote ine ya siku zile mbili yalitoka ku muguu wa mutu mumoja, Ndaye Mulamba. Mu kombe lile lote alitia 9, na mpaka leo hakuna mutu amefikisha 9 mu Kombe moja la Afrika.

Jina la Ndaye linafaa kukaa mu kichwa cha musomaji, sababu litarudi, na litarudi vibaya.

Mwalimu wa ekipe alikuwa Blagoje Vidinić, mutu wa Yugoslavia, zamani mulinda goli, mwenye alikuwa amekwisha kupeleka Maroko ku Kombe la Dunia 1970. Mu kundi lao Ujerumani walipangwa na Uskoti, Brazil na hiyo hiyo Yugoslavia yake. Brazil ndiyo ilikuwa bingwa wa dunia.

Mechi ya kwanza ilikuwa Dortmund, tarehe 14 mwezi wa 6, na Uskoti. Waskoti wakashinda 2 kwa 0, magoli yote mbili mu kipindi cha kwanza, na kisha hawakupata tena kitu. Mu kipindi cha pili Zaire iliwasumbua. Kama mambo yangeishia pale, leo hakuna mutu angecheka Léopards wa 1974. Ingesemwa tu kama walipoteza kwa heshima, sawa vile ekipe nyingi zinapoteza mara ya kwanza.

Lakini nyuma ya mechi ile ndipo habari ya feza ilipasuka. Ekipe ilikuwa imesafiri na kundi kubwa la wakubwa, watu wa serikali na watu wa mupira, na wachezaji wakapata kujua kama feza za prime zenye waliahidiwa hazitafika mikononi mwao. Zilikuwa zimebakia njiani, mu mifuko ya wengine. Wachezaji wakasema hawatacheza na Yugoslavia. Wakabembelezwa, wakasukumwa, mwishoni wakaingia ku kiwanja. Mutu wa Butembo mwenye amefundisha shule muaka muzima bila mushahara anajua muguu unakuwa na uzito gani mu hali ile, na huyu hana kamera za dunia mbele yake.

Tarehe 18, Gelsenkirchen. Mbele ya dakika makumi mbili kupita, Yugoslavia ilikuwa imekwisha kutia tatu. Hapo likafanyika jambo lenye bado linaulizwa: Kazadi, mulinda goli mwenye hakuwa ameumia, akatolewa, na kwa nafasi yake akaingia Tubilandu Ndimbi. Mwalimu akiwa mutu wa Yugoslavia, maneno hayakukosa. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mupira mu nyavu, goli la ine. Wachezaji wa Zaire wakamuzunguka mwamuzi, Mukolombia, wakisema goli lile lilikuwa la kuotea. Katikati ya kelele ile muguu mumoja ukamupiga mwamuzi kwa nyuma.

Mwamuzi akageuka, akatoa kadi nyekundu, akamupa namba 13. Namba 13 ilikuwa Ndaye Mulamba.

Mwenye alipiga alikuwa namba 2. Mwepu mwenyewe alikubali jambo hilo nyuma yake, bila kujificha. Kadi nyekundu zilikuwa kitu kipya mu Kombe la Dunia, ya kwanza kabisa ilikuwa imetolewa siku ine tu mbele yake, kwa Muchile. Na moja ya zile za kwanza ikaanguka kwa mutu mwenye hakufanya kitu, mushambuliaji bora wa Afrika, juu ya kosa la beki wake. Ndaye akatoka ku dakika ya 22. Zaire ikabakia wachezaji kumi, bila mutu wa kutia goli, bila mulinda goli wake wa kwanza, bila feza na bila moyo. Ilipofika mapumziko ilikuwa 6. Ilipoisha ilikuwa 9 kwa 0. Mu historia yote ya Kombe la Dunia mupaka wakati ule, ni Korea ya Kusini tu ilikuwa imepigwa kwa tofauti ile, na Hungaria, mwaka 1954.

Kwa hiyo kusema Mwepu alikuwa malaika itakuwa uongo. Alikuwa na hasira ya karibu, na siku ile hasira yake ililipwa na mwenzake.

Kisha Kinshasa ikaamuka. Kufuatana na maelezo ya Mwepu mwenyewe, yenye alitoa ku BBC miaka mingi nyuma yake, walinzi wa Raisi walifika ku hoteli, wakafungia waandishi wa habari inje, wakawapa wachezaji ujumbe wa Mobutu: wakipigwa na Brazil kupita magoli tatu, hakuna hata mumoja atarudi nyumbani. Wakati ule watu wa Zaire walikuwa wanajua maneno ya Mobutu hayakuwa mchezo. Mu mwaka 1966 alikuwa amenyonga mawaziri wane mbele ya watu, mu Kinshasa, mu muchana.

Na hapa kuna hesabu yenye watu wenye kucheka video huwa hawafanyi. Brazil ilikuwa imetoka sare 0 kwa 0 mara mbili, na Yugoslavia na Uskoti. Uskoti ilikuwa na magoli mbili ya juu, yale ya Dortmund. Kama Brazil ingeshinda Zaire kwa mbili tu, ingekuwa mu hatari. Ilihitaji tatu. Kwa hiyo mu kiwanja cha Gelsenkirchen tarehe 22, pande zote mbili zilikuwa na namba moja tu mu kichwa. Brazil ilikuwa inatafuta goli la tatu ili ipite. Zaire ilikuwa inaogopa la ine ili iishi.

Jairzinho akatia la kwanza mapema. Léopards wakashikilia. Walicheza vizuri siku ile kuliko wengi wanavyokumbuka, sababu mabingwa wa dunia walikaa karibu saa nzima bila kupata la pili. Rivelino akalitia ku dakika ya 66. Ku dakika ya 79 Valdomiro akatia la tatu, mupira wenye Kazadi alionekana kuuweka mikononi ukamuponyoka ukaingia. Brazil ikapita, Uskoti ikarudi kwao bila kupoteza hata mechi moja. Na mu dakika za mwisho zile, Brazil ikipewa mupira wa azabu karibu na eneo la hatari, ndipo Mwepu alichomoka mu ukuta.

Sheria aliijua. Beki anasimama mbali ya mupira mita 9 na kidogo mpaka mupira upigwe, na mwenye kutoka mbele anapewa kadi. Hiyo mutoto wa miaka kumi anaijua, na Mwepu alikuwa mutu wa klabu yenye ilikuwa imecheza fainali ine za Afrika. Alipoulizwa mu miaka ya 2000, wakati Mobutu alikuwa amekwisha kufa kule Rabat mwaka 1997, alieleza kama alifanya makusudi. Alitaka mwamuzi amufukuze. Hakuona juu ya nini aendelee kuvunjika miguu mu kiwanja wakati wenye watakula feza wamekaa juu, ku viti, wakiangalia. Mwamuzi, Murumania, akawa mupole, akatoa ya manjano tu, na Mwepu akalazimika kuendelea.

Maelezo mawili, basi: hasira juu ya feza, na woga juu ya goli la ine. Kuna wenye kusema kama aliyabadilisha maneno kufuatana na mwenye kumuuliza. Lakini hakuna sababu moja ya kufukuza ingine. Mutu anaweza kuibiwa na kutishwa na watu wale wale mu juma moja. Mupira ulipofika mbali, sekunde kadhaa zilipita, na Brazil haikutia la ine. Mechi ikaisha 3 kwa 0.

Zaire ikatoka Ujerumani na mechi tatu, magoli 14 ya kufungwa, sifuri ya kufunga. Walirudi Kinshasa bila feza. Ule muziki wa 1973 haukupigwa. Mobutu akageuza macho: mwezi wa 10 wa mwaka ule ule, Muhammad Ali na George Foreman wakapigana ngumi mu kiwanja cha 20 Mai, na dunia ikaja Kinshasa kuangalia kitu kingine. Kwa Kombe la Dunia la 1978, Zaire ilijiondoa mu mashindano ya kutafuta nafasi. Kizazi kile kikaachwa kama mupira wenye umepasuka, na wengi wao wakazeeka vibaya.

Mavuba Mafuila alikimbilia Angola, na mwaka 1984, wakiwa mu safari ya kukimbia vita ya kule, mutoto wake akazaliwa ku bahari. Mutoto yule ni Rio Mavuba, mwenye alikuja kuchezea Ufaransa. Ndaye Mulamba naye, mwaka 1994, nyuma ya kupewa heshima na wakubwa wa mupira wa Afrika mu Tunisia, alivamiwa kwake na watu wenye silaha wenye walifikiri alirudi na feza. Walimupiga risasi. Akaponea, akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi Cape Town kama mukimbizi ambaye majirani hawakumujua ni nani. Mwaka 1998, ku Kombe la Afrika mu Burkina Faso, uwanja muzima ulisimama dakika moja kimya juu yake, wakidhani amekufa. Alikuwa hai, na hakuwa na kazi ya maana.

Mwepu hakukimbia inchi. Alibakia, akaishi maisha ya shida, na kila Kombe la Dunia likifika waandishi wa habari wakamutafuta juu ya sekunde zile tu. Hakuna mwenye alimuuliza juu ya Cairo, juu ya mechi zile mbili za Zambia, ao namna walirudisha magoli mbili mbele ya Wamisri. Mwaka 2010, mbele ya Kombe la Dunia la Afrika ya Kusini, alizungumza tena na BBC. Alieleza kama wao walifikiri watarudi kutoka Ujerumani wakiwa matajiri, na walirudi mifuko mitupu, na yeye sasa anaishi sawa mutu wa barabarani. Alisema pia kama bado anajivunia kuwa kati ya watu wa kwanza wa upande wa Afrika yetu kufika pale. Na kama angepewa kurudi nyuma mu wakati, angetia nguvu zake zote awe mulimaji.

Neno lile la mulimaji, mu masikio ya mutu wa Lubero ao wa Butembo, halina aibu ndani yake. Kule kabichi na viazi vinasomesha watoto mpaka universite. Kwa Mwepu lilikuwa na maana ingine: mulimaji anavuna chenye alipanda, hata kama ni kidogo, na anakibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Alikufa Kinshasa tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka 2015, nyuma ya ugonjwa wa muda murefu, akiwa na miaka 65. Magazeti ya dunia yalitangaza kifo chake, na karibu yote yalianza na mupira wa azabu wa Brazil. Ndaye Mulamba alimufuata mu mwezi wa kwanza wa 2019, mu Johannesburg. Mpaka leo, mu vitabu vya Kombe la Dunia, kadi nyekundu ya tarehe 18 mwezi wa 6 mwaka 1974 ingali imeandikwa ku jina la Ndaye.